Tairi Kipara kwenye Tuta la Mchicha

Lori linalovuta tela huondoka bandari ya Dar es Salaam likiwa limesimama juu ya matairi 22. Liwe linakwenda Lusaka, Lubumbashi, Kigali au Bujumbura, halina budi kupita Kibaha: Mailimoja, Picha ya Ndege, Visiga, Mlandizi, kisha mizani ya Vigwaza. Jua la Pwani linaunguza lami, mzigo unakandamiza, na matairi yaliyokwisha kashata yanaacha vipande pembeni mwa barabara kama magamba ya mnyama aliyejichubua. Yasiyopasuka hushushwa kwenye vijiwe vya pancha, yakapangwa moja juu ya jingine, yakisubiri atakayeyataka.

Na wanaoyataka wapo. Katambuga za mchungaji zimekatwa kwenye tairi. Mpira mweusi unaofunga gunia la mkaa nyuma ya pikipiki ulikuwa tyubu. Ndoo ya kisimani, ile isiyopasuka hata ikigonga ukuta mara mia, nayo ni tyubu iliyoshonwa. Shuleni matairi hufukiwa nusu ardhini, yakapakwa rangi, yakawa uzio wa bustani. Nyumbani hupinduliwa ndani nje, yakachongwa kingo na kupandwa maua. Yote haya yalianza kabla ya warsha yoyote ya "uchumi rejeshi" kufanyika hotelini.

Hata hivyo ufundi huu una mpaka, na mpaka wenyewe ni waya. Fundi wa katambuga hupenda tairi la nailoni: kisu kikali kilicholowa maji hupenya mpira, nyuzi zikakatika, soli ikatoka. Tairi la waya, ambalo ndilo limetawala barabara siku hizi, lina mikanda ya chuma chini ya kashata, na kisu kikifika hapo hugota. Kwenye tairi la gari dogo ubavu bado unakatika. Kwenye tairi la lori, mara nyingi waya umezunguka hadi ubavuni, na fundi hana analoweza kufanya. Kwa hiyo milundo haikui kwa uzembe wa watu peke yake. Tairi lenyewe limebadilika, likawaacha mafundi nyuma.

Hapo ndipo linapoingia wazo ambalo Marekani na Kanada limekuwa biashara ya miaka mingi: tairi lisagwe, chuma kitolewe, vipande vipakwe rangi ya gome la mti, vimwagwe bustanini kama matandazo. Mwenye bustani anaahidiwa kwamba magugu hayataota, unyevu hautapotea, na hatatandaza tena kwa miaka kumi. Kwa mtu wa Kibaha mwenye kiwanja cha mchanga, matuta mawili ya mchicha na kijiwe cha pancha ng'ambo ya barabara, wazo hili lina mvuto wake. Linastahili kupimwa kabla halijakataliwa au kukumbatiwa.

Kuutengeneza mpira huo si kazi ya panga. Kiwandani huanza kwa kung'oa waya mnene wa mdomoni, ule unaoshikilia tairi kwenye rimu. Kisha tairi hupitishwa katikati ya visu vinavyozunguka polepole, likachanwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Mashine ya pili inavipunguza hadi sentimita 1 au 2, sumaku zinanasa chuma, upepo unavuta nyuzi, chekeche zinatenga vikubwa na vidogo. Viwanda vingine huugandisha mpira kwanza kwa naitrojeni ya kimiminika ili upasuke badala ya kuchanika. Mwisho ni rangi, kahawia au nyekundu, inayoshikizwa kwa gundi. Ipo njia nyingine ya mkato: viwanda vinavyovisha matairi ya malori kashata mpya hukwangua kwanza kashata ya zamani, na makwangu hayo ni mpira usio na waya hata mmoja. Sehemu ya matandazo ya mpira yanayouzwa Marekani ilianza kama makwangu ya namna hiyo.

Mpira, kwa vyovyote, si mgeni wa wilaya za Kibaha na Kisarawe. Katika miaka ya 1870 na 1880, misitu ya Uzaramo, yaani nchi ya Wazaramo katika ukanda huu, ilikuwa ikitoa mpira-pori kutoka kwenye mtambaazi ambao wanabotania waliupa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja. Watu walichanja shina, wakakusanya utomvu, wakauviringisha kuwa madonge na kuyapeleka pwani kwa wafanyabiashara. Mbungo, unaozaa mabungo ambayo hadi leo hukamuliwa juisi Dar es Salaam na Pwani, ni jamaa wa karibu wa mtambaazi huo.

Wajerumani nao wakaleta mti wa mpira wa Ceará kutoka Brazili, wakaupanda mashamba kwa mashamba hadi bei ilipoanguka 1913 na kuwafilisi wengi. Mashamba yalikufa, mti ukabaki, na watu wakaugeuza mboga. Kisamvu cha mpira kinachotwangwa majumbani kinatoka kwenye mti huo, ambao ni ndugu wa muhogo. Katika miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, Tanga, walianza kuuzalisha pamoja na muhogo ili kupata mbegu inayostahimili batobato na michirizi kahawia, magonjwa yale yale ambayo watafiti wa kituo cha kilimo cha TARI, Kibaha, bado wanapambana nayo. Baada ya uhuru, Tanzania ikawa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre cha Arusha, na mashamba ya mpira Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero. Kiwanda kilisimamisha uzalishaji 2009. Tangu hapo tairi linalotoboka Visiga limetoka nje ya nchi, lakini linazeekea hapa hapa.

Kuzeeka ndiko kwenye utata. Donge la mpira-pori lilikuwa likilainika kwenye joto, likanata, likaoza. Charles Goodyear aligundua 1839 huko Marekani kwamba mpira ukipikwa pamoja na kiberiti, yaani salfa, hauyeyuki juani wala haupasuki kwenye baridi. Salfa huzifunga nyuzi za mpira zisiachane. Fundo hilo ndilo linalolifanya tairi libebe tani, na ndilo linalowafanya bakteria na kuvu wa udongoni waugue meno wakikutana nalo. Tena tairi si mpira na salfa tu. Ndani yake mna masizi ya kuimarisha, mafuta, kemikali za kuzuia kupasuka kutokana na hewa ya ozoni, na zinki, ambayo huwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito.

Asilimia 1 inasikika ndogo. Chukua tuta la mita 10 kwa mita 1 na ulitandaze mpira kwa unene wa sentimita 5. Hiyo ni nusu ya mita ya ujazo, uzito wa kilo 200 hivi au zaidi, sawa na mpira wa matairi matano ya lori au karibu thelathini ya magari madogo. Humo mna zinki kilo 2. Mkulima ambaye udongo wake umepungukiwa na madini hayo hushauriwa kuweka kilo 5 hadi 10 kwa hekta nzima, kwa hiyo kwa tuta hilo la mita 10 ni gramu 5 hadi 10. Ni kweli kwamba zinki ya kwenye mpira haitoki kwa siku moja. Inatoka kidogo kidogo kila mvua inaponyesha na kila vipande vinapochakaa. Ila udongo wa kichanga wenye tindikali, ambao ndio mwingi katika ukanda huu, hauna nguvu ya kuifunga zinki kama ulivyo udongo wa mfinyanzi. Zinki ikizidi, mizizi hudumaa na majani hupauka. Linda Chalker-Scott, mtaalamu wa bustani wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, amekuwa akiwaonya watu juu ya matandazo haya kwa miaka mingi, na zinki ni mojawapo ya sababu zake.

Sababu nyingine ilijitokeza katika jimbo hilo hilo. Kwa takriban miaka ishirini samaki aina ya salmoni wa koho walikuwa wakifa katika vijito vya mjini kila mvua inaponyesha, kabla hawajataga. Desemba 2020 jarida la Science lilichapisha jibu: moja ya kemikali zinazokinga tairi dhidi ya ozoni, ikikutana na ozoni yenyewe, hugeuka sumu inayomuua samaki huyo kwa kiasi kidogo mno. Aina nyingine kadhaa za samaki zilizopimwa baadaye hazikudhurika kwa kiwango kile, na itakuwa uzushi kudai kwamba perege wa Mto Ruvu watakufa kwa sababu ya bustani ya mtu. Lakini jiografia ya hapa haisamehe uzembe. Maji ya Ruvu huchotwa kwenye mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, yakanywewa na wakazi wa Kibaha na Dar es Salaam. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ukashuka hadi Jangwani, Dar es Salaam. Kinachooshwa kwenye tuta la mlimani hakibaki mlimani.

Halafu kuna moto. Kisarawe, kama wilaya nyingine za Pwani, mashamba husafishwa kwa kiberiti kabla ya mvua, na mara kwa mara moto humshinda aliyeuwasha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nevada walichapisha matokeo ya kuchoma aina mbalimbali za matandazo yanayouzwa madukani. Mpira ndio uliotoa ndimi ndefu kuliko yote na joto kali kuliko yote. Februari 1990, huko Hagersville katika jimbo la Ontario, Kanada, mlundo wa matairi yapatayo milioni 14 uliwaka kwa siku 17, na mafuta yaliyoyeyuka yakapenya ardhini. Mpira unawaka kama mafuta kwa sababu sehemu yake kubwa ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa. Kuutandaza chini ya michungwa iliyopakana na pori la nyasi ni kujitafutia balaa.

Pamoja na hayo yote, watetezi wa kusaga matairi wana hoja moja ambayo mkazi wa Pwani hapaswi kuibeza, nayo ni mbu.

Tairi zima, ulilaze au ulisimamishe, hukusanya maji ya mvua na hulitoi tone la mwisho hata ukiligeuza. Ndani mna giza, joto la wastani na majani yaliyooza, na Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengue, hapati pazuri zaidi. Mayai yake yakikauka ukutani mwa tairi hudumu kwa miezi, mvua ikirudi yanaanguliwa. Kwa njia hiyo hiyo binamu yake, mbu chui wa Asia, alisafirishwa ndani ya matairi chakavu na kugunduliwa Houston, Marekani, mwaka 1985. Brazili ilipokataza matairi yaliyovishwa kashata kuingizwa kutoka Ulaya na kushtakiwa kwenye Shirika la Biashara Duniani, kesi iliyoamuliwa katika rufaa Desemba 2007, utetezi wake mkubwa ulikuwa dengue na moshi wa matairi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue 2010, 2014 na 2019, na wataalamu waliokagua mitaa walikuta viluwiluwi kwenye matairi yaliyotupwa na vyombo vya plastiki.

Hapa Kibaha inaingia kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2015 mjini humo kulizinduliwa kiwanda cha dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kyuba na kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Dawa hutokana na bakteria ambao viluwiluwi wakiwala wanakufa, bila kumdhuru binadamu wala kuku. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea kiwanda hicho na kuziagiza halmashauri zinunue dawa. NDC hiyo hiyo ndiyo iliyokabidhiwa dhamana ya General Tyre ya Arusha. Shirika moja, basi, lina kiwanda cha matairi kilicholala na kiwanda cha kuua wadudu wanaozaliwa ndani ya matairi. Mwandishi wa michezo ya kuigiza asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Tairi lililosagwa haliwezi kushika maji, na kwa hilo kusaga kuna faida ya wazi kwa afya. Swali ni wapi pa kuweka kilichosagwa. Kuwait, ambako matairi zaidi ya milioni 40 yalikuwa yamerundikwa jangwani Sulaibiya, ilianza 2021 kuyahamishia Al-Salmi, ambako kiwanda kinayageuza vigae vya sakafu na vipande vya matumizi mengine. Wao hawakukimbilia tuta la mboga.

Viwanja vya watoto ndiyo sehemu ambapo mpira unajitetea kwa takwimu. Kwa mwongozo wa tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, inchi 6 za mpira uliochanwa humkinga mtoto anayeanguka kutoka futi 10, wakati inchi 9 za mchanga humkinga kutoka futi 4 tu. Mpira pia ni mzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo mvua za masika hazitauelesha na kuupeleka barabarani kwa urahisi kama zinavyopeleka pumba. Hata huko, hata hivyo, kuna la kuangalia. Mpira mweusi kwenye jua la mchana unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na mtoto wa chekechea asiye na viatu atajua kabla ya mwalimu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kemikali zinazohusishwa na saratani katika chembe za mpira zinazotumika viwanjani, na mwaka 2023 uliamua kwamba chembe za namna hiyo za kujazia nyasi bandia zitakoma kuuzwa kuanzia 2031, kwa sababu ya vipande vidogo vinavyosambaa katika mazingira. Uwanja wenye kivuli cha miembe na mpira mkubwa uliochanwa, si ule wa chembechembe, ni matumizi yanayoweza kujadiliwa. Njia ya kupita kati ya nyumba na choo, au chini ya bomba ambapo huwa matope, vilevile.

Bustani ya kula ni shauri jingine, hasa Kibaha na Kisarawe, kwa sababu hapa mpira unashindana na vitu vya bure. Matandazo yana kazi nne: kuzuia jua lisinyonye maji, kunyima magugu mwanga, kuvunja kishindo cha mvua, na kulisha udongo. Mpira unafanya tatu za kwanza kwa viwango tofauti. Ya nne hauiwezi kabisa, na kwa udongo wa kichanga ya nne ndiyo kubwa. Mchanga hauna kinachoshika maji wala mbolea ila mabaki ya mimea yaliyooza, nayo kwa joto hili huisha haraka na hutaka kuongezwa kila msimu. Mtu akifunika tuta lake kwa mpira kwa miaka kumi ameukatia udongo chakula kwa miaka kumi.

Chaguo ni kubwa. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa hushika maji kuliko karibu kila kitu kingine. Nyasi zilizofyekwa kabla hazijatoa mbegu zinapatikana kila kona. Pumba za mpunga huja kutoka bonde la Ruvu. Mabanda ya kuku ya Kibaha hutoa maranda yaliyochanganyika na kinyesi, ambayo yakiachwa wiki kadhaa yapoe ni matandazo na mbolea kwa pamoja. Maranda mabichi kutoka kwa seremala yana kasoro yake: yakichanganywa na udongo hunyonya naitrojeni na mchicha ukawa wa njano, kwa hiyo yakae juu, yasifukiwe.

Kasoro kubwa ya matandazo ya asili huku ni mchwa. Mtetezi wa mpira atasema, na atakuwa sahihi, kwamba mchwa hawali tairi. Ukitandaza nyasi kavu hadi kwenye shina la mche wa mpapai mwezi wa kiangazi, unawakaribisha mezani. Dawa yake ni kuacha nafasi ya kiganja kati ya shina na matandazo, kutandaza udongo ukiwa na unyevu, na kupendelea vitu vilivyokwisha kuoza nusu. Kuku wa kienyeji nao huparua kila kitu. Wavu unawatosha, na ni nafuu kuliko kilo 200 za mpira.

Kwa mchicha, bamia, nyanya na kisamvu, basi, jibu ni hapana. Tairi lisitandazwe, lisikatwe vipande ndani ya tuta, na juu ya yote lisichomwe ili kupata waya wa kuuza chuma chakavu. Lililosagwa liende njiani na viwanja vya kuchezea, mbali na visima na mifereji. Halmashauri, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezikabidhi jukumu la taka ngumu, zinaweza kuanza na jambo dogo kuliko kiwanda: kuyakusanya matairi ya vijiwe vya pancha kando ya Barabara ya Morogoro mahali pamoja penye paa. Na msomaji mwenye tairi uani, liwe la maua, la bembea au la akiba, alitoboe matundu matatu au manne makubwa upande wa chini kabla vuli haijaanza Oktoba.